Riwaya Mia Tano, Kurasa Kumi kwa Siku

Hotuba kwa wasomaji, walimu na wanafunzi, Dodoma mjini

Mbukwenyi!

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ambaye salamu zote hizo zimempita, habari za mchana.

Mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti, wakutubi wetu, walimu, wazazi, na ninyi wanafunzi mlioitoa Jumamosi yenu kuja kukaa kwenye viti vya plastiki, itifaki imezingatiwa.

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni mafaili: kuyafungua, kuyapa namba, kuyapeleka yanakotakiwa, kuyatafuta yanapopotea. Sikusomea fasihi na sijaandika kitabu. Nimeitwa hapa kwa ajili ya hii kauntabuku ya kwaya tatu mnayoiona mkononi mwangu. Ndani yake nimeorodhesha riwaya 500. Nimekusudia kuzisoma zote katika maisha yangu, na mpaka jana usiku nimemaliza ya 81.

Nianze na jambo linaloniuma. Nilifaulu Kiswahili kidato cha nne, tena vizuri, bila kusoma riwaya hata moja.

Walimu mliopo mnaelewa ilivyokuwa. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sabini na nakala nne za kitabu. Tulichokuwa nacho wote ni uhakiki, kile kijitabu kilichotolewa fotokopi mpaka herufi zikafifia, kinachokupa dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, msimamo wa mwandishi, falsafa yake, na methali alizotumia. Tulikariri. Ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza habari za riwaya ya Takadini, ningekutajia nafasi ya mwanamke, mila potofu na ukombozi, kila hoja na mfano wake. Lakini sikujua kitabu kinaanzaje. Sikujua kinaishaje. Nilikuwa kama mtu aliyesoma ripoti ya daktari kuhusu mgonjwa ambaye hajawahi kumwona.

Takadini ndiyo namba moja katika orodha yangu. Niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, imechanika jalada, na nikaisoma kwenye basi la kutoka Dar es Salaam kuja huku, Januari 2018. Mama amejifungua mtoto mwenye ualbino, na kwa mila za pale mtoto wa namna hiyo hapewi nafasi ya kuishi. Anambeba, anatoroka naye. Kwenye uhakiki tukio hilo lilikuwa mstari mmoja chini ya kichwa cha ujasiri. Mle ndani ya basi, kati ya Dumila na Gairo, alikuwa mwanamke anayekimbia na mtoto mchanga mgongoni, na mimi nilikuwa nimemwacha mwanangu wa miezi saba Dar es Salaam alfajiri ile. Basi liliposimama Gairo watu washuke wakale, sikushuka. Nilikuwa nalia, na abiria mwenzangu, mama mtu mzima, akanisogezea chupa ya maji bila kuniuliza kitu. Miaka kumi hivi nilikuwa nimeibeba riwaya ile kichwani kama orodha ya hoja, kumbe kulikuwa na watu mle ndani.

Sasa niwaeleze orodha yenyewe ilivyozaliwa.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Sisi tulifungasha mafaili mwaka 2017. Mke wangu ana kazi yake Dar es Salaam, kwa hiyo nilikuja peke yangu, nikapanga chumba Nkuhungu. Wanaoijua hali ile wanajua jioni zilivyokuwa ndefu. Ukishakula, ukishapiga simu nyumbani, saa mbili usiku bado uko macho na upepo wa Dodoma unagonga bati.

Mfanyakazi mwenzangu akaniletea karatasi. Zilikuwa na orodha iliyotoka katika kitabu maarufu kilichohaririwa na Mwingereza, Peter Boxall, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2006: vitabu 1001 ambavyo mtu anashauriwa kuvisoma kabla hajafa. Alfu na moja, kama zile hadithi za usiku tulizosimuliwa utotoni. Nikachukua kalamu. Kitabu kimoja kwa mwezi, vitabu 12 kwa mwaka: ingenichukua miaka 83 na miezi kadhaa. Nilikuwa naingia miaka 28. Ningemaliza nikiwa na miaka 111.

Nikaiweka kando. Lakini haikunitoka akilini, na baadaye nikajua kitu kilichonifungua. Kila wanapotoa toleo jipya la kitabu kile, wanaondoa baadhi ya riwaya na kuingiza nyingine. Kumbe hata wao wanafuta na kuandika upya. Ni watu wamekaa mezani wakakubaliana, na kesho yake wengine wakabadilisha. Kama wao wanaweza kukaa mezani, na mimi nina meza.

Naomba nichepuke kidogo kwenda kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa. Mwaka ule ule wa 2006, UNESCO waliingiza michoro ya miambani ya Kondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mapango na majabali yenye michoro yanazidi 150, na wazee wa Kolo hawakungoja UNESCO kuyajua. Walikuwa wakipanda kule kwa matambiko na kuomba mvua tangu enzi na enzi. Orodha haikuongeza rangi hata tone moja juu ya jiwe. Lakini mimi, mtoto wa pale pale, niliyepita chini ya kile kilima mara nyingi nikienda kwa mjomba, nilipanda kwa mara ya kwanza baada ya kusikia redioni kwamba kimeorodheshwa. Nikamwona twiga aliyechorwa na mtu ambaye jina lake halijulikani, nikajiuliza miaka yote nilikuwa nakimbilia wapi.

Hapo ndipo ninapoiona faida ya orodha. Kitabu kizuri ni kizuri kiorodheshwe kisiorodheshwe. Orodha inakushika mkono ukapande kilima ulichokuwa unapita chini yake kila siku.

Basi nikatengeneza yangu. Riwaya 500: mia mbili za Kiswahili, mia moja na hamsini za Afrika kwa jumla, mia moja na hamsini za kwingineko duniani. Safu za kauntabuku ni namba, jina, mwandishi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na safu ya mwisho, ninayoipenda kuliko zote, ni ya aliyenipatia. Kiwango ni kurasa kumi kwa siku. Kurasa kumi ni kama dakika ishirini: foleni ya benki, kusubiri maji yachemke, bajaji ikingoja abiria wa tatu. Siku thelathini ni kurasa 300, na hiyo ni riwaya nzima ya wastani. Kwa mwendo huo kazi ingeisha nikikaribia miaka 70.

Kwa nini niweke Kiswahili mbele? Kwa sababu nilipozipitia zile karatasi jina kwa jina nilijua ninachokitafuta na sikukiona. Hapa sitaki nieleweke vibaya. Simlaumu mtu wa London kwa kutomjua Shaaban Robert. Ninajilaumu mimi, niliyekulia katika lugha yake na kumjua kwa jina la shule na jina la mtaa tu, mpaka nilipoifungua Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, wakati wa ukoloni. Nchi iliyo angani. Karama amesimama barazani, mshitakiwa, anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote za dunia wakarudi na mema, wakaishia kufungwa. Yule mzee alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, karani kama mimi, na aliandika hivyo! Nilikisoma kitabu kile mara mbili mfululizo, kisha kesho yake nikaenda kazini nikayatazama mafaili yangu kwa heshima mpya.

Kuna vitabu orodha imenilazimisha. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ni kitabu chembamba, hakifiki kurasa mia, na nilikianza mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani nakala yangu imechapwa vibaya. Mwandishi yule yule wa Rosa Mistika, ambayo unaisoma kama unasikiliza habari za jirani yako, hapa anakuingiza kwenye ndoto isiyo na mlango. Bila orodha ningemrudishia mkutubi na maisha yangeendelea. Kwa kuwa namba yake ilikuwa wazi kwenye safu ya tarehe ya kumaliza, nilirudi. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma shairi, ikafunguka. Siwezi kuwaambia nimeielewa yote. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna kurasa mle ndani ambazo sasa nazijua kwa moyo, na sikuzikariri kwa ajili ya mtihani wa mtu yeyote.

Na nitasema neno kuhusu riwaya pendwa, kwa sababu nimesikia watu wazima na heshima zao wakizidharau. Mwaka 2021 nilisoma vitabu vitatu tu. Mzee wangu alifariki, na kwa miezi mingi nilikuwa nafungua kitabu, macho yanapita juu ya mistari, akili iko makaburini. Kilichonirudisha ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla: Bwana Msa mpelelezi na kiko chake, Najum akiuliza yale ambayo na mimi nilitaka kuuliza. Kitabu hicho cha mwaka 1960 kilinishika sikio kikaniambia kaa hapa, kuna mtu ameuawa, tutafute nani. Baada yake nikamfuata Elvis Musiba, nikamfuata Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, na pumzi ikarudi. Kwa hiyo mwalimu ukimkamata mwanafunzi anasoma riwaya ya upelelezi chini ya dawati, nakuomba, mwambie aimalize baada ya kipindi. Usiichane.

Niseme kuhusu treni. Siku hizi nasafiri kwa SGR. Basi lilichukua saa nane, tisa, na mashimo yake. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 haifiki saa nne, haitikisiki, unasoma kama uko mezani. Humo ndimo nilimosoma Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Yeye aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise, na Ida Hadjivayanis akaileta kwenye Kiswahili mwaka 2022. Nilikuwa nimekwisha kuisoma kwa Kiingereza, kamusi mkono wa kushoto. Kwa Kiswahili nilihisi watu wale wamevua viatu vya kuazima.

Yusuf, kijana aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake, anaingia bara na msafara wa tajiri. Na mimi niko ndani ya behewa, nje ya dirisha kunapita mibuyu na udongo mwekundu, naelekea kule kule ambako misafara ya kweli ilielekea. Njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa ikaikata Ugogo. Nchi kavu, visima vichache, na kila kisima kina mwenyewe. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, vitambaa, shanga na waya, ndipo msafara unywe na kupita. Wazungu waliosafiri njia hiyo waliandika kurasa nyingi wakilalamikia hongo ya Wagogo. Tajiri alilalamika. Mpagazi mwenye njaa alilalamika. Nilifunga kitabu nikatazama nje, nikamfikiria mwenye kisima. Alikuwa anayaona mavumbi ya msafara kutokea mbali, watu mia kadhaa na punda wao, akijua maji aliyonayo yanatosha ng'ombe wake mpaka mvua za Desemba. Yeye kichwani mwake alikuwa anahesabu nini?

Riwaya ya mtu huyo sijakutana nayo. Katika kauntabuku hii, namba 500 nimeiacha bila jina. Namngoja aiandike mtu wa Bahi, au wa Chamwino, au wa Mvumi, na kwa hesabu yangu bado ana miaka arobaini.

Sasa mama yangu. Mama alizaliwa karibu na mwaka 1950, mimi ni kitinda mimba wake. Alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, enzi za Mwalimu, jioni baada ya shamba, pamoja na wanawake wenzake waliokuja na watoto mgongoni. Cheti chake kipo hadi leo. Lakini nilipomuuliza alisoma nini baada ya kupata cheti, alifikiri kidogo akasema: barua. Barua, na karatasi za dawa. Kijijini hapakuwa na kitabu kingine. Walifundishwa kufungua mlango, wakaupata ufunguo, halafu hapakuwa na nyumba. Na sasa macho yana mtoto wa jicho, herufi hazioni tena.

Siku moja nilikuwa nimefika nusu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Nadhani hakuna kitabu chenye historia ya kunigusa kama hicho. Kitereza alikiandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake, akakimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyekichapa. Akakaa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kilitoka mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka uliofuata akafariki. Ninapochoka na kurasa zangu kumi, huwa namfikiria mtu huyo na bunda lake la karatasi.

Nikampigia mama simu, katika mazungumzo nikamwambia: mama, kuna kijana hapa amenyang'anywa mke na wakwe zake, kwa sababu ndugu wa mume walimtukana mke kwamba hazai, sasa kijana amekwenda ukweni kumwombea mkewe arudi, na wakwe wanamwagiza pombe. Mama akanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wamempa au hawajampa?" Nikamwambia sijui, ndiyo naendelea. Akasema, "Basi soma, baba, nasikiliza."

Ilianza hivyo. Kila usiku saa tatu, dakika kumi, bando la dakika za usiku. Mama ni mswalihina, habari za pombe ile zilimkera kwelikweli, lakini Bugonoka alimpenda kama binti yake. Jirani zake wawili wakaanza kuja, simu ikawekwa spika juu ya kinu. Usiku mmoja mtandao ulikatika katikati ya sentensi, na kesho yake asubuhi nikiwa masjala, mafaili yamenijaa, simu inaita: ni mama, anataka mwisho wa sentensi. Juzuu zote mbili zilituchukua miezi saba. Kwa mwendo ule siwezi kumaliza riwaya 12 kwa mwaka, na sijali. Katika safu ya tarehe ya kumaliza, mbele ya kitabu hicho, niliandika tarehe na nikaongeza maneno mawili: pamoja na mama.

Hesabu yangu basi imekaa hivi. Kwa miaka minane nilipaswa kuwa na 96, nina 81. Kwa mwendo wangu halisi, kumi kwa mwaka, zilizobaki 419 zitanichukua miaka 42. Nitakuwa na miaka 78 Mungu akinijalia. Kijana mmoja alinikuta nje akaniuliza, na usipofika? Nikamwambia ninachokiona: nikiitwa nikiwa namba 300, nitakuwa nimekaa na watu 300 ambao nisingewajua. Hakuna faili la namna hiyo masjala yoyote.

Nina ombi, na ndilo hasa lililonileta. Vitabu vingi vya Kiswahili vilivyomo humu sivipati dukani. Nimezunguka maktaba, nimekwenda mpaka duka la vitabu la TPH, Tanzania Publishing House, pale mtaa wa Samora, nimewapa oda wauza mitumba wa miji mitatu. Natafuta Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed. Natafuta Njozi Iliyopotea ya Claude Mung'ong'o. Natafuta Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Na zaidi ya zote, Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, ya mwaka 1979, inayosimulia watu walivyohamishiwa vijiji vya ujamaa. Naitaka hiyo kwa sababu humu ukumbini wamo wazee waliohamishwa kwenye Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya sabini, na ningependa nikiisoma niwe nimekaa na mmoja wao, anikatize, aniambie hapa mwandishi amepatia, hapa kwetu haikuwa hivi.

Viko kwenye matranka ya baba zenu, chini ya vyeti na picha za harusi. Angalieni leo mkifika nyumbani. Sihitaji kupewa, naazima. Nitakifunika jalada la kaki, nitakisoma kurasa kumi kumi, nitakirudisha kwa mkono wangu, na jina lako litakaa katika safu ya mwisho. Kauntabuku ipo kwenye meza ile karibu na mlango, na kalamu nimeifunga kwa uzi.

Ahsanteni sana.